Kidato cha pili, kompyuta tisa na ramani ya nyumba: nianzie wapi?

SWALI: Nafundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili katika sekondari ya kata, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Tumepata kompyuta kumi na mbili za msaada, zinazowaka ni tisa. Intaneti ni ya kubahatisha. Nimeanzisha klabu ya wanafunzi 36, tunakutana mara mbili kwa wiki, na wote wanataka kuchora ramani za nyumba. Mdogo wangu aliyeko chuoni ameniletea AutoCAD, programu ya kuchora ramani, kwenye fleshi, anasema ndiyo inayotumika maofisini. Je, watoto wa miaka 13 na 14 wataiweza? Kama hawataiweza, nitumie nini, nianzie wapi, na mwisho niwape alama kwa kuangalia nini?

JIBU: Mbukwenyi, Mwalimu. Na kama umenizidi umri, shikamoo.

Nyumba wataichora, wala usiwe na wasiwasi. AutoCAD ndiyo uiweke kando kwanza. Nakala zinazozunguka kwenye fleshi kwa kawaida zimevunjwa kufuli, na nyingi huja na virusi vinavyoweza kuzilaza kompyuta zako zote tisa kwa mkupuo. Kampuni ya Autodesk, inayoitengeneza tangu 1982, huwapa wanafunzi na walimu leseni ya bure, lakini inataka akaunti, uthibitisho wa shule na intaneti ya uhakika, na kompyuta yenyewe iwe na nguvu. Hata ungevipata vyote hivyo, ningekushauri vilevile. Kwenye AutoCAD mtoto anachora mstari, na programu haijui kama mstari ule ni ukuta, ni meza au ni bomba la maji machafu. Mchoraji wa ofisini anajua mwenyewe, kwa hiyo hapati tabu. Mtoto wa kidato cha pili atamaliza muhula akikariri amri za kibodi na nyumba asiijue.

Tumia programu ya Sweet Home 3D. Imeandikwa na Mfaransa Emmanuel Puybaret, ni ya bure kihalali, inakubali Windows na Linux, na ukishaiweka kwenye kompyuta haikuulizi intaneti tena. Siku ukienda mjini ipakue mara moja, kisha uigawe kwenye mashine zote. Humo ukuta ni ukuta kweli: una unene na kimo, na ukiusogezea mlango unatoboka wenyewe. Sehemu ya juu ya skrini unachora ramani, chini yake unaiona nyumba ikisimama. Mtoto akikosea kuweka dirisha, anaona papo hapo kwamba limetokea chooni.

Ila kuna jambo moja ambalo ndilo limenifanya nikujibu kwa kirefu, maana usipolishika mapema programu yoyote utakayochagua itakuangusha. Kompyuta inaficha ukubwa. Ukizungusha gurudumu la kipanya, chumba cha mita 2 kinajaa skrini sawasawa na ukumbi wa mita 12. Matokeo yake utaletewa ramani zinazopendeza, zenye sebule ya mita 11 na choo ambacho ukishaingia huwezi kufunga mlango. Mtoto aliyechora hivyo si mzembe. Hajaambiwa na kitu chochote kwamba amekosea, kwa sababu kwenye skrini kila kitu kinaenea. Kwenye karatasi walau ukingo wa karatasi ungemzuia. Kwa hiyo kazi yako kubwa katika klabu hii ni vipimo. Programu itakaa mahali pake.

Wiki mbili za kwanza usiwashe kompyuta hata moja. Watalalamika, waache walalamike. Nunua futi za kupimia nne au tano, kila moja ya urefu wa mita 5, zile wanazotembea nazo mafundi, na uwapeleke wakapime. Waanze na miili yao: shubiri yangu sentimita ngapi, hatua yangu ngapi, nikinyoosha mikono yote miwili napata pima ya ngapi, mabega yangu yanapita kwenye nafasi ya upana gani. Kila mmoja aandike vipimo vyake nyuma ya daftari. Atavihitaji mwaka mzima. Kisha wapime darasa: kuta, milango, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, unene wa ukuta pale kwenye fremu ya mlango. Hapo kwenye unene usiwaharakishe. Wengi hawajawahi kufikiri kwamba ukuta unachukua nafasi.

Wakirudi, wachore darasa hilo kwa penseli kwenye karatasi ya miraba kwa kipimio cha 1:50, yaani sentimita 2 za karatasi kwa kila mita 1 ya ardhini. Darasa la mita 9 kwa 7 litatoka sentimita 18 kwa 14, linakaa vizuri kwenye A4. Baadaye kila mtoto aende nyumbani akapime chumba anacholala, pamoja na kitanda. Vitanda ni mwalimu mzuri kuliko mimi na wewe. Mtoto hajui sentimita 152 ni kiasi gani, lakini tano kwa sita anaijua, amelala humo na wadogo zake. Mwambie futi moja ni sentimita 30.5, abadilishe mwenyewe: tano kwa sita ni sentimita 152 kwa 183. Chumba cha kumi kwa kumi, kama mafundi wanavyokiita, ni mita 3.05 kila upande. Kilaze kitanda humo, upande wa pili uweke kabati la kina cha sentimita 60, inabaki njia ya sentimita 93. Sasa mwulize mlango utafungukia wapi. Swali hilo peke yake linaweza kula kipindi kizima, na kipindi hicho hakijapotea.

Usiogope kuchanganya futi na mita. Fundi wa mtaani anaongea futi na inchi, programu itaongea sentimita, na ramani zinazopelekwa kuombewa kibali zinaandikwa kwa mita au milimita. Mtoto wa Dodoma anayetaka kuelewana na watu wote hao ajue zote, na kubadilisha vipimo ni mada yako ya hisabati hata hivyo.

Wiki ya tatu washa mashine. Kabla watoto hawajaingia, fungua mapendeleo ya programu mwenyewe, weka vipimo kwa sentimita, unene wa ukuta 15 na kimo 300. Ukuta unaokuja na programu ni mwembamba, haufanani na tofali letu la inchi 6. Kazi ya kwanza ya skrini iwe darasa lilelile walilokwisha kulipima na kulichora kwa mkono, kitu kipya chochote bado. Wafundishe kuandika urefu: ukishaanza kuvuta ukuta, bonyeza Enter, andika namba. Anayevuta kwa jicho tu mpaka ukuta "uonekane sawa" mrudishe. Nyumba yenye ukuta wa sentimita 412.7 ni ya mtu aliyevuta kwa jicho.

Hapa kuna mtego ambao vitabu vya mwongozo huupitia juu juu. Sweet Home 3D hupima ukuta katikati ya unene wake. Ukiandika mita 8, utapata nyumba ambayo kwa nje ina mita 8.15 na kwa ndani mita 7.85, kama ukuta una sentimita 15. Watoto watakuja na malalamiko kwamba programu inadanganya. Usiwape jibu. Wape karatasi, wachore kuta mbili nene na mstari katikati ya kila mmoja, watagundua wenyewe. Kisha wape hili: nyumba ina mita 8 kwa nje, ndani yake kuna vyumba vitatu vilivyopangana. Wengi watagawa 8 kwa 3. Kuta nne za inchi 6 zimeshakula sentimita 60, kwa hiyo ya kugawana ni mita 7.4 tu, na plasta bado haijapigwa.

Sasa ndiyo waanze kubuni. Wala usiwape ile kazi ya "chora nyumba ya ndoto zako". Utapata maghorofa yenye bwawa la kuogelea, na hakuna hata moja unaloweza kulisahihisha, maana ndoto haina kosa. Wape mteja. Awe mtu wanayemwona kila siku, kwa mfano mpishi wa shule, mwenye familia ya watu watano na mama yake mzee asiyeweza kupanda ngazi. Wakamhoji: unapikia nini, kuni, mkaa au gesi? Wageni wanalala wapi? Kuku je? Nakuhakikishia mpishi atasema mambo ambayo hakuna mtoto aliyeyawazia, kwamba jiko la ndani ni la chai tu na chakula chenyewe kinapikwa nje, kwa hiyo mlango wa uani ni muhimu kuliko ule wa mbele.

Kisha wawekee mpaka: nyumba isizidi mita 8 kwa 6 kwa nje. Namba hizi nimezichagua makusudi, utaona mbele. Pamoja na mpaka, kila kundi lihesabu tofali. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9 huingia takriban kumi kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Kuzunguka nyumba ya 8 kwa 6 ni mita 28. Ukuta ukisimama mita 3 ni mita za mraba 84. Toa milango miwili ya mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha manne ya mita 1.2 kwa 1.2, zinabaki kama 74.5. Hizo ni tofali 745 za kuta za nje tu, bado kuta za ndani, msingi na zitakazovunjika kwenye gari. Mtoto anayetaka kurefusha sebule kwa mita moja ahesabu: ameongeza mita mbili za ukuta, mita sita za mraba, tofali 60. Aulize bei ya tofali huko kwenu halafu akamweleze mpishi. Nimeona sebule nyingi zikirudi kwenye ukubwa wa haki kwa hesabu hiyo bila mwalimu kusema neno.

Kuhusu jua, hapa ndipo kompyuta inaposhinda penseli waziwazi. Kwenye ramani ya Sweet Home 3D kuna dira ndogo. Ibofye mara mbili, weka latitudo 6.2 kusini na longitudo 35.7 mashariki, na majira ya Dar es Salaam. Sasa, ukitengeneza picha ya ubora wa juu, unachagua tarehe na saa, na programu inaliweka jua mahali pake pa kweli juu ya Dodoma. Waambie mapema kwamba programu inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa kumi jioni yetu iandikwe 16:00. La sivyo wataandika 10:00 na kushangaa jua limetokea wapi. Kompyuta za zamani zitachukua dakika nyingi kutoa picha moja, kwa hiyo mashine moja ifanye kazi hiyo wakati wa mapumziko.

Wakilinganisha Juni na Desemba wataona kwamba jua la mchana hupita kaskazini ya nyumba kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, na kusini miezi iliyobaki, na mara zote liko juu sana kiasi kwamba upenu wa sentimita 60 unalizuia sehemu kubwa. Linalotesa ni lile la saa kumi jioni upande wa magharibi. Linaingia chini ya upenu na kukaa chumbani hadi usiku. Kwa hiyo madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, na upande wa magharibi upewe stoo, bafu na choo. Upepo wetu nao mara nyingi hutoka mashariki, na unakuja na vumbi lake, hivyo choo na moshi wa jiko vikikaa magharibi vinapeleka harufu nje ya nyumba. Lakini usiwahubirie haya. Waambie wageuze nyumba yao nyuzi 90 kwenye kiwanja, wapige picha ya 16:00 tena, watazame kitanda kimeangukiwa na nini.

Kama karibu na shule bado kuna tembe la Kigogo lililosimama, wapeleke wakalipime pia na kulichora kwenye programu. Paa la udongo lililo bapa, kuta zisizo ndefu, matundu machache: kila kimoja kina sababu yake katika nchi yenye mvua kidogo na jua kali. Mtoto akipima unene wa udongo ule, kisha akasimama saa nane mchana ndani ya tembe na baadaye chini ya bati lisilo na dari, atakuwa na swali zuri la kuuliza. Wakati mwingine nawaambia wanafunzi wa vyuo wafanye hivyo, na wao huona nawatania.

Paa lenyewe ndilo udhaifu wa programu hii. Kupaua kwenye Sweet Home 3D kunahitaji ujanja wa kuazima maumbo kutoka nje, na mimi sioni haja ya kuwapotezea watoto muda. Paa walitengeneze kwa maboksi. Nyumba ya 8 kwa 6 kwa kipimio cha 1:50 ni sentimita 16 kwa 12, inatoka kwenye boksi moja la sabuni, na mtoto anayekunja kenchi, ile fremu inayobeba paa, kwa mikono anaelewa mteremko haraka kuliko yule anayebofya. Halafu wape hesabu ya maji. Paa lenye upenu wa sentimita 60 kila upande linafunika mita 9.2 kwa 7.2, karibu mita za mraba 66. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30 inashusha lita 1,980 hivi kabla ya zinazomwagika, karibu simtanki nzima ya lita 2,000. Kwa Chamwino, ambako mvua hukatika Aprili na kurudi mwishoni mwa mwaka, watoto wataanza wenyewe kuchora mifereji na mahali pa kukaa tanki.

Mambo ya mashine nitayapita haraka. Wanafunzi wanne kwa kompyuta moja wanatosha, ilimradi kipanya kihame mkono kila baada ya dakika kumi. Usipohamisha, mvulana mmoja atakishika hadi Desemba na wasichana watakuwa watazamaji. Mmoja achore, mmoja amsomee vipimo, mmoja akague hesabu, mmoja aandike. Wahifadhi kazi kila baada ya ukuta, maana umeme hauagi. Fleshi za wanafunzi zisiingie kwenye mashine. Tumia yako moja tu. Na funika kompyuta kwa kitambaa mkitoka, vumbi la Dodoma halina simile.

Alama. Picha ya pande tatu, hata ing'ae namna gani, usiipe zaidi ya alama kumi kati ya mia. Sehemu kubwa ipatikane uwanjani. Kila kundi lichape ramani yake kwa 1:50 kwenye A4. Kwenye mpangilio wa ukurasa chagua kipimio hicho mwenyewe, usiiache programu ijaze karatasi. Kisha ramani hiyo wapewe kundi lingine, pamoja na kamba, vigingi, majivu na futi, waitandaze ardhini kwa ukubwa wake kamili, na waliochora wakae kimya pembeni. Kila mara wapimaji wanapolazimika kuuliza "hapa ni ngapi?", waliochora wanapoteza alama. Hapo utaona kwa nini nilichagua 8 kwa 6. Ulalo wake ni mita 10 kamili, ni ile tatu-nne-tano ya mafundi ikizidishwa mara mbili, na ni Pythagoras wa kidato cha pili. Ulalo ukitoka 10.2 nyumba imepinda, wakaze kamba upya. Nyumba ikishatandazwa, mpishi aitwe atembee ndani: aingie, aende chumbani kwa mama yake, afungue mlango wa uani, ageuke na ndoo. Muulize fundi yeyote wa jirani aje siku hiyo. Kwa kawaida hukubali, na maswali yake huwa makali kuliko yangu. Alama zilizobaki wape kwa hesabu ya tofali na kwa jinsi kundi linavyojibu mteja anapolalamika.

Mkuu wa shule akihoji muda, mkumbushe kwamba mtaala ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, na kazi hii yote ni kipimio, eneo, ujazo na pembetatu mraba.

Tahadhari moja kwa wazazi. Kuna atakayependa ramani ya mwanawe hadi atake kuijengea. Mweleze kwa upole kwamba kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri kwa michoro iliyofuata taratibu zake, na kwamba mtoto wake hajafundishwa nondo, msingi wala udongo wa kiwanja. Kwa kumweleza mchoraji aliyesajiliwa anachokitaka, hata hivyo, ramani ile itamfaa sana.

Na wale wawili au watatu watakaobaki darasani baada ya kengele, wakifika kidato cha tatu wape LibreCAD. Nayo ni ya bure, ni nyepesi, inafanya kazi kwenye mashine kuukuu, na inahifadhi faili za DXF ambazo AutoCAD inazifungua. Waanze kwa kuchora upya nyumba ya mpishi, safari hii mstari kwa mstari, pamoja na sehemu ya ukuta iliyokatwa kuanzia msingi hadi lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.